Mistari ya Korongo la Lukwale

Zamani sana ardhi ilikuwa haijawahi kufunuliwa tumbo lake. Bonde lilikuwa tambarare kama ugali uliopinduliwa sahanini, na juu yake alipita Mto Lukwale, mwembamba, mpole, hana makuu. Kila masika alifurika kidogo, akaacha tope jepesi kama utando wa maziwa, akaenda zake. Hakupigiwa makofi hata siku moja.

Makofi yote yalikuwa ya Mlima Ngurumo. Huyo alikuwa bosi wa aina tunayoijua: analala miaka na miaka, akiamka ni shoo. Moto, moshi, majivu mpaka jua linafichwa, halafu hotuba. "Bonde hili nimelijenga mimi! Kwa siku moja! Fulu stopu!" Na wanyama, kwa woga au kwa kutafuta fadhila, wakaitikia, "Hewala, bosi."

Siku moja akamgeukia Mto. "Na wewe unayepitapita hapa bila kazi, hama. Katafute pengine pa kuzurura."

Mto akahisi baridi hadi kwenye kokoto zake. Mto usio na bonde ni maji yaliyomwagika tu. Hata hivyo hakulia. "Kaka," akasema, "kabla hujanifukuza, ardhi ichimbwe. Ionekane nani alifanya nini."

"Ichimbwe! Utaumbuka mchana kweupe."

Akaitwa Muhanga, mnyama wa makucha, asiyejua kumpamba mtu. Akachimba mpaka akazama asionekane. Mto akawa anasikiliza udongo ukirushwa. Hatimaye Muhanga akaibuka, masikio yamejaa vumbi.

"Ni mimi mtupu, sivyo?" Mlima akadakia.

"Wewe upo. Mstari mweusi, mnene, mzuri wallahi. Lakini chini yako kuna tope, na tope, na tope, limelaliana kama chapati. Halafu wewe tena. Halafu tope mpaka kucha zangu zikagoma."

"Kwa hiyo huyu mzururaji..."

"Subiri, bosi, sijamaliza. Nimechimba na kule kwenye mwinuko, Mto asikofika. Majivu yako hayapo. Upepo umezoa yote. Yamebaki yale aliyoyafunika huyu."

Mto angeweza kucheka, na nani angemlaumu? Hakucheka. Aliyawazia yale majivu aliyokuwa akiyafunika kwa kudhani anafuta uchafu, kumbe anatunza. Akawaza pia kwamba pasipo ile mistari myeusi, matope yake yote yangekuwa rangi moja, na hakuna ambaye angejua lipi lilitangulia.

"Dada," Mlima akamwambia Mto, sauti imeshuka, "shimo hili ni jembamba mno. Nani ataiona kazi yangu? Baki. Tupasulie bonde, watu waone."

"Nitapasua. Ila si kwa siku moja, kaka. Kazi ya namna hiyo siijui."

Na tangu siku hiyo Mto Lukwale yuko chini kabisa ya korongo, anakwangua mwamba punje kwa punje. Kuta zimesimama kulia na kushoto, zina mistari: ya kahawia, myembamba, haihesabiki, na myeusi, minene, michache. Ukiiona, unasahau ulichokuwa unasema. Mlima Ngurumo naye amenyamaza. Hotuba anayo tayari, anangoja Mto amalize.

Mto hana haraka.