Uzi wa Buluu wa Fundi Shoti

Kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba linalomdhuru mtu mara nyingi halitoki mbali. Liko karibu naye, mahali asipofikiria kupatazama. Wengi wanaipenda methali hii kwa sababu ni rahisi kumtupia mwingine. Ukiitamka mbele ya ndugu yako umeshamhukumu, na hukumtaja hata jina. Kuna fundi mmoja wa umeme wa magari aliyewahi kuitupa hivyo, na yaliyompata ndiyo haya.

Fundi huyo aliitwa Shoti. Jina hilo lilimganda tangu akiwa mwanagenzi, siku alipofunga betri kinyume na moshi ukajaa karakana nzima. Miaka thelathini ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na sasa hakuna aliyethubutu kulitamka kwa kejeli, maana katika mtaa ule hakukuwa na fundi wa kumfikia. Yeye na mdogo wake wa tumbo moja, Msasa, ambaye alikuwa fundi rangi, walirithi karakana ya marehemu baba yao. Lilikuwa banda refu la mabati lenye mlango mmoja, nyaya upande wa kushoto na makopo ya rangi upande wa kulia. Ndugu hao walikuwa chanda na pete. Chai waliinywa kutoka chupa moja, na siku mmoja alipokosa kazi mwenzake alimgawia yake.

Shoti alikuwa na desturi yake mwenyewe. Kila kiungo cha waya alichokifunga kwa mikono yake alikizungushia uzi wa buluu na kuutia fundo. Huo ndio uliokuwa muhuri wake. Chenye uzi hakifunguliwi, alikuwa akisema, kwa sababu kazi iliyokwisha imekwisha. Kusema kweli desturi hiyo ilimwokolea muda mwingi, kwani gari liliporudi kwake alijua pa kupekua na pa kupita tu. Wateja waliusifu uzi wake, naye akazizoea sifa hizo mpaka akaziona ni haki yake.

Katika karakana hiyo ndimo lilimotengenezwa gari la Bi Mkunga. Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, lenye viti viwili tu, tena fupi kiasi kwamba kuliingia ilikuwa kama kuketi mkekani. Mumewe alimwachia alipofariki. Bi Mkunga mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mkavu wa maneno, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule, Msasa akiwa mmoja wao. Miaka miwili nyuma Shoti alilibadilishia gari hilo nyaya zote, kisha likalala chini ya turubai bila kuendeshwa. Baadaye Msasa akalipaka rangi upya, na rangi ikatoka nzuri hivi kwamba bibi akapata hamu ya kulirudisha barabarani.

Juma lilelile alipolirudisha balaa likaanza. Gari likitembea robo saa, injini inazima ghafla. Likiachwa likapoa, linawaka kana kwamba halijawahi kukosa adabu. Shoti alibadilisha koili, kile chombo kinachoupa umeme nguvu ya kutoa cheche, maana koili mbovu huwa na tabia hiyo ikipata moto. Hakuona mabadiliko. Akabadilisha kondensa, akabadilisha plagi zote nne na nyaya zake, akasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Tatizo ni kwamba kila gari lilipovutwa hadi karakana lilikuwa limeshapoa, na kila alipolipima hakuona ugonjwa. Lilikuwa kama mtoto anayeumwa tumbo wakati wa shule tu.

Basi shaka ikamwingia. Kabla ya rangi gari halikuwa na kasoro, na baada ya rangi likaharibika. Aliyeligusa mwisho ni nani? Akautazama waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, akakuta pale unapofungwa pamepakwa rangi. Akapakwangua kwa hasira. Gari likazima vilevile, lakini shaka ilikuwa imeshaota mizizi. Akajiaminisha kwamba mdogo wake amekata waya mahali fulani na kunyamaza.

Alimkabili mchana, mbele ya wateja watatu, akamtaka aseme alichokata.

"Kaka, mimi sijakata kitu," Msasa alijibu. "Nilizifunika nyaya zako kwa magazeti. Hata uzi wako sikuugusa."

"Wahenga hawakukosea," Shoti akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Msasa alirudi upande wake akaendelea kusugua mlango wa gari la mtu, palepale alipokwisha kusugua.

Kesho yake Shoti alileta matofali akaanza kujenga ukuta katikati ya karakana ya baba yao. Alijenga kwa mikono yake, na kila tofali lilimuuma, lakini haya ya kufuta maneno yake mbele ya wateja ilizidi maumivu, na mtu mwenye haya hajui kurudi nyuma. Ukuta ulipofika kiunoni Msasa akaanza kufungasha. Alikuwa amepata nafasi kwenye yadi ya mtu mwingine, ng'ambo ya mji.

Siku hiyo ndipo Bi Mkunga alipoingia. Aliutazama ukuta, akamtazama Msasa akiviringisha mpira wa pampu yake ya rangi, akauliza kulikoni. Shoti akamweleza. Bibi hakutoa hukumu yoyote. Alimwambia tu kwamba mtu wa homa za vipindi hapimwi homa ikiwa imeshuka, kwa hiyo achukue vifaa vyake, wakalipime gari pale litakapougulia.

Walikwenda. Baada ya robo saa, kando ya ukuta wa ghala moja, injini ikakata. Shoti akaruka nje, akafungua boneti kabla joto halijatoka, akaishika taa yake ndogo ya kupimia kwenye koili huku bibi akizungusha starta. Kwa kawaida taa hiyo hupepesa kila injini inapozunguka. Sasa iliwaka tu, bila kupepesa hata mara moja. Umeme ulifika kwenye koili, ila mbele yake njia ilikuwa imekatika. Kilichobaki mbele ni distribyuta, kile kikombe kinachougawa umeme kwa plagi.

Akafungua kifuniko. Platini, vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana ili kuukata umeme, zilikuwa safi. Kutoka kwenye platini kulitoka waya mfupi, urefu wa kidole, na juu yake fundo la uzi wa buluu. Shoti akaanza kurudisha kifuniko.

Bi Mkunga alikuwa ameshuka na kusimama ubavuni pake. "Mbona huo hukuugusa?"

"Huo niliufunga mwenyewe, mama."

"Ndiyo maana nauliza. Mimi nikimpima mjamzito, narudia kwanza pale nilipokwisha kupima. Mkono wa mwenzangu hauwezi kunidanganya sana, kwa sababu siuamini. Wangu nauamini."

Shoti akalifungua fundo, kwa shida, maana alilikaza vizuri. Akauvuta waya taratibu. Ngozi yake ya plastiki ikarefuka kama mpira. Ndani hamkuwa na kitu, shaba ilikuwa imekatika.

Hapo akakumbuka yote. Mahali pale panataka waya laini wenye nyuzi nyembamba, kwa sababu sahani ya platini hucheza huku na huku injini inapokwenda. Miaka miwili nyuma waya huo haukupatikana. Alikata kipande cha waya wa kawaida, akakichomea kwa risasi iliyoyeyushwa, akajiambia atakibadilisha kesho. Halafu, kwa mazoea, akafunga uzi, na uzi ukamwambia kazi imekwisha. Gari lilipokuwa limelala waya haukupinda. Rangi nzuri ya Msasa ilipolirudisha barabarani, ukaanza kupinda mpaka ukakatika kwa ndani. Ukipata moto, ncha zake ziliachana; ukipoa, ziligusana tena.

"Si rangi," alisema. "Ni mimi."

"Usiniambie mimi," bibi akajibu. "Kamwambie mwenyewe."

Waya wa taa yake ya kupimia ulikuwa laini. Akaukata, akafunga kipande chake mahali pa ule uliokufa, na safari hii hakutia uzi. Walizunguka mji kwa saa nzima na injini haikukohoa.

Waliporudi Msasa alikuwa anapakia makopo kwenye mkokoteni. Shoti alimwekea kiganjani ule waya mbovu pamoja na uzi wake.

"Nilikuhukumu mbele ya watu kwa kosa langu," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Msasa aliupinda waya, akaunyoosha, akaupinda tena. "Na ukuta huu ataubomoa nani?"

"Mimi."

Basi Msasa akageuza kopo tupu, akalikalia, akatazama. Shoti akaanza kung'oa tofali moja moja. Saruji ilikuwa bado mbichi. Kila mteja aliyeingia akauliza kulikoni, Shoti alimjibu palepale kwamba gari la Bi Mkunga aliliharibu yeye mwenyewe. Jasho lilimtoka, na aibu pia. Ilipobaki safu ya mwisho Msasa akainuka, akashusha makopo yake kutoka kwenye mkokoteni, kisha akashika tofali upande wa pili.

Uzi wa buluu Shoti anautumia hadi leo, ila gari likirudi kwake, penye uzi ndipo anapoanza kupima. Na akimsikia mtu akimtupia mwenzake methali ile, humwomba ajikung'ute kwanza yeye mwenyewe. Kwani wahenga kweli hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.