Watoto Watano wa Shangazi

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Wahenga walimaanisha kwamba anayejivika cha mwenzake huaibika, kwa kuwa kilishonwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Msichana mmoja aliyesomea usanifu wa picha na mawasiliano ya kidijitali chuoni aliijua methali hiyo tangu utotoni. Aliielewa siku ya kumzika shangazi yake.

Shangazi huyo hakujaliwa kuzaa. Alimchukua msichana angali mchanga, mama yake alipofariki, akamlea kama mboni ya jicho. Majirani walimsema. Walimwita mti mkavu, naye alikuwa akicheka na kumwonyesha msichana kwa kidole: "Basi hili tawi limechipuka wapi?"

Shangazi alipoaga dunia, baba mdogo alimwita msichana pembeni.

"Msomi wetu, kijitabu cha mazishi ni kazi yako. Walimwengu walimsema akiwa hai. Tusiwape la kusema leo amelala."

"Hawatalipata, baba. Mimi ndiye mtoto wake. Hiyo itakuwa sentensi ya kwanza."

Alikwenda kwenye chumba cha kompyuta cha chuo, akafungua ukurasa mtupu. Kila alipoandika "shangazi alikuwa", alishindwa kuliacha lile "alikuwa", akalifuta. Saa mbili zilipita hivyo. Mwanafunzi mwenzake, aliyebandikwa jina la Mkato kwa kupenda njia za mkato, akavuta kiti.

"Pole, dada. Lakini unajitesa bure. Ninalo faili la kijitabu cha mama mmoja aliyezikwa mwezi jana. Maua yamo, fremu zimo, hata maneno yamo. Badilisha jina na picha, umemaliza."

"Na mhadhiri je? Si anasema kazi huanza na ukurasa mtupu?"

"Mhadhiri hajafiwa."

Msichana alilipokea faili. Alitoa amri ya kutafuta na kubadilisha. Kufumba na kufumbua, jina la mama yule lilitoweka katika kurasa zote nane, na la shangazi likakaa mahali pake. Akaweka picha, akasahihisha tarehe. Alipitisha macho juu juu. Jina lilikuwa sahihi kila mahali, moyo ukatulia. Ile sentensi yake alikusudia kuiongeza baada ya kunawa uso. Kabla hajainuka, mpiga chapa alipiga simu kusema mashine inamsubiri yeye tu. Akatuma.

Makaburini, waombolezaji walivisifu vijitabu. Karatasi ziling'aa, maua yalipangika. Baba mdogo alivaa miwani, akaanza kusoma wasifu kwa sauti nzito. Alisoma vizuri hadi ukurasa wa tatu.

"Marehemu alijaliwa watoto watano, aliowazaa na kuwanyonyesha kwa..."

Akakatiza, akaurudia mstari kwa macho. Kisha sauti ya jirani ikatoka nyuma: "Watano? Alikuwa amewaficha wapi?"

Mtu mmoja akacheka puani. Mwingine akaziba mdomo kwa kijitabu. Kicheko kilipita safu kwa safu kama moto wa nyasi, na kila aliyekuwa na nakala aliinama kutafuta mstari ule.

Baba mdogo alivua miwani, akamsogelea msichana. Hakumkaripia. Aliuliza kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomchoma.

"Mwanangu, hawa watano ni wa nani? Na wewe uko ukurasa gani?"

Msichana alifungua kurasa zote nane. Hakuwamo. Alitaka kupaza sauti aseme kwamba mtoto ni yeye, lakini wachimba kaburi walikuwa wamekwisha kushika koleo. Udongo wa kwanza ukaanguka juu ya mwanamke aliyeondoka na watoto wasio wake, huku mtoto wake amesimama kimya kando ya shimo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, hata ya aliyekwisha kuvishwa sanda.