Jembe la Jemadari Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakitandika mikeka na kufunga milango kama sisi, Bi Pimbi aliishi na wanawe majabalini. Juu kidogo ya majabali palikuwa na bwawa moja, na wanyama wadogo wote walikunywa hapo.

Asubuhi moja, di! di! di! ardhi ikatetemeka. Jemadari Nyati na jeshi lake wakalizunguka bwawa.

"Msiogope," akasema Nyati. "Tumekuja kuwalinda."

"Mtulinde na nani, bwana?" akauliza Bi Pimbi.

"Na maadui."

"Maadui gani? Hapa hajafika mtu ila ninyi."

"Ndiyo maana tumewahi."

Tembo, jirani wa pande zote mbili, akamtuma Korongo kuuliza kulikoni. Nyati alimwogopa Tembo, akalainisha sauti. "Mwambie sisi ni wageni tu hapa. Tumekaribishwa."

Wageni! Siku hiyo watoto wa Bi Pimbi hawakupata hata tone, na kesho yake pia. Kitinda mimba akawa analamba mawe yenye umande. Mama yake alimtazama, akawaza kwa hasira. Mwizi wa kawaida huvunja mlango akakimbia. Huyu kavunja, kakaa, na anataka heshima ya mgeni juu yake.

Siku ya tatu akamwita Korongo aje ashuhudie. Akatia jembe begani, akapanda bwawani.

"Hodi, mgeni."

"Unataka nini, kidude wewe?"

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hili hapa."

Askari wakacheka, kwa kwa kwa! "Jeshi lishike jembe?"

"Basi katae. Korongo atamweleza Tembo kwamba ninyi si wageni."

Kicheko kikakatika. Nyati akamtupia jicho Korongo, akalipokea jembe. "Tuchimbe nini?"

"Mtaro, toka hapa ukingoni hadi kwenye ufa wa jabali lile. Jembe ni moja, lakini pembe mnazo."

Nyati hakuuliza mtaro wa nini. Wenye nguvu hawana desturi ya kuuliza. Askari wakainamisha vichwa, chaka! chaka! wakashindana nani ana pembe kali zaidi. Bonge la mwisho lilipong'oka, shwaaa! maji yote yakateremka, yakaingia ufani, hadi mapangoni chini ya jabali. Watoto wa Bi Pimbi walikuwa wanasubiri huko na mitungi. Bwawani likabaki tope.

Nyati akakimbilia ufa, akasukuma kichwa. Go! Pembe zikagonga mwamba.

"Fungua!"

"Mlango uko wazi," akajibu Bi Pimbi, aliyekwisha kupenya ndani. "Pita."

"Pembe haziingii."

"Ziache nje."

"Mwanamke, askari wangu watakufa kwa kiu!"

"Wanangu je, walikuwa wanalamba umande kwa kupenda? Ondoa jeshi lako. Ukitaka maji, mtume mmoja wenu, aje peke yake, abishe hodi kama majirani wengine."

Nyati akasimama pale, tope usoni, akiwa na jeshi zima na hana la kulifanyia. Mwishowe wakaondoka.

Baada ya siku chache akaja nyati mmoja na mtungi wake, akasema "Hodi" kwa sauti ndogo. Bi Pimbi alimsikia vizuri. Akawanywesha kwanza wanawe, wote, polepole, ndipo akaitika.

Nanyi mnaonisikiliza, shikeni hili: anayekuja na jeshi asidai kuitwa mgeni.