Visigino vya Sekela

Mwoga huvushwa na mwoga. Mmemsikia mama yenu akiitamka methali hii pale mlangoni, mkacheka, na sasa mnanizonga mjue ilikotoka. Haya, kaeni basi, na hiyo simu iwekwe chini. Mwanzo wake ulikuwa huu.

Huko Tukuyu alikuwepo mwanamke aitwaye Sekela, mke wa Ambakisye. Mchapakazi, mcheshi, lakini mahali palipoinuka alipakimbia. Hata sufuria ya rafu ya juu alishushiwa na watoto. Kila likizo ukoo wa mumewe ulipotoka kutembea, wenzake walipanda miamba na minara, yeye akabaki chini akilinda mikoba na viatu vya watu. Mwishowe akapachikwa jina: Mama Mikoba.

Aliyempachika ni wifi yake, Bupe, dada wa Ambakisye, mwanamke asiyeogopa kitu wala mtu. Siku ya harusi alisimama mbele ya wageni akasema, "Wifi yetu mnamwona? Visigino vimepasuka kama shamba la kiangazi, ila ardhi haachi kuikumbatia!" Watu hoi kwa kicheko. Sekela naye alicheka, maana wifi ni mtani, utamkasirikia vipi? Lakini hilo la Mama Mikoba lilimchoma.

Mwaka mmoja walikwenda korongo la Lufita, penye daraja la kamba na mbao lililotundikwa juu ya maporomoko. Chakula cha mchana kingeliwa ng'ambo. Sekela aliapa moyoni kuwa leo atavuka, liwalo na liwe. Tangu asubuhi hakutulia. Garini alifunga kanga, akaifungua, akaifunga tena. Alimaliza chupa nzima ya maji, kisha akaomba gari lisimame mara mbili. Pale darajani aliweka mguu kwenye ubao wa kwanza, akautoa. Akauweka, akautoa. Wenzake wakavuka, wazee kwa watoto, wakabaki yeye na Bupe.

"Basi wifi, lea mikoba," Bupe akasema. "Nitakurushia paja la kuku."

Akaenda akijiyumbisha makusudi, huku akipiga picha. Katikati ya daraja akanyoosha mkono nje ya kamba ajipige yeye na maporomoko. Simu ikamponyoka. Na hapo ndipo alipokosea, maana aliisindikiza kwa macho. Ikaenda, ikaenda, ikawa kama punje ya ulezi, ikapotea, asisikie hata mlio. Akazikumbatia kamba, akafumba macho, akaanza kulia. Bupe yule yule!

Ng'ambo wakapiga makelele. "Usitazame chini!" "Jikaze, wewe si Bupe?" "Hatua kumi tu!" Ambakisye akaingia darajani na miguu yake mizito, daraja likacheza, Bupe akapiga ukelele mpaka kaka mtu akarudi kinyumenyume. Mwongoza wageni naye akataka kwenda kumbeba. "Ukinigusa tunakufa wote!" Bupe akamjibu.

Sekela aliyasikia yote. Ni maneno yale yale aliyoambiwa maisha yake yote, na hayakuwahi kumsogeza hata unyayo. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Kisha akaiweka mikoba chini, akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kutambaa.

Msidhani hofu ilimtoka. Thubutu! Jasho lilimtiririka mpaka machoni, na Mungu alimwita kwa kila jina alilolijua. Alipomfikia wifi yake, meno yalikuwa yanagongana.

"Wifi," akasema, "mimi naogopa."

Bupe akafumbua jicho moja. "Sasa umefikaje?"

"Sijui. Kaa chini."

"Nikikaa daraja litapinduka."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Halikupinduka. Kaa."

Bupe akakaa. Wakabaki pale juu wawili, wakihema, na hakuna aliyemwambia mwenzake ajikaze.

"Sasa napenya nipite mbele," Sekela akasema. "Usitazame chini, usitazame ng'ambo. Tazama visigino vyangu. Hesabu nyufa."

"Ni nyingi, wifi."

"Basi zitatufikisha."

Wakatambaa, ubao kwa ubao, Bupe akihesabu kwa sauti, mpaka mikono yao ikashika majani. Ambakisye akamwinua dada yake. "Sisi sote tumekuita hukusogea. Huyu Mama Mikoba amekutoaje?"

"Usimwite hivyo tena," Bupe akasema, na machozi bado yanamtoka. "Ninyi mlinipigia makelele mkiwa mmesimama salama. Huyu alikuja akitetemeka kama mimi. Ndipo nikajua kwamba hata anayetetemeka anaweza kwenda."

Ambakisye akarudi mwenyewe kuchukua mikoba. Wali ukapakuliwa. Sekela hakuumeza hata kidogo. Aliugeuzageuza sahanini, akatazama daraja, akatazama jua, akatazama daraja. Njia ya kurudi ilikuwa ile ile.

Watu walipoanza kukusanya vyombo, Bupe akainuka wa kwanza. Akavua viatu vyake vizuri, akapiga magoti mbele ya ubao wa kwanza. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Akageuza shingo.

"Wifi, vyangu ni laini, havina nyufa za kuhesabu. Lakini vitazame hivyo hivyo."

Sekela akapiga magoti nyuma yake.

"Twende, wifi," akasema. "Mwoga huvushwa na mwoga."