Pimbi Aliyewaweka Nyati na Kifaru Majumbani Mwao

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na kupigiana hodi, kilizuka kikohozi kibaya ng'ambo ya mto. Kho, kho, kho! Akikohoa mmoja, kesho nyumba nzima inakohoa, na keshokutwa watu wako matangani.

Twiga, mkuu wa kitongoji cha upande huu, akatoa amri: kila mtu abaki kwake, asivuke mto wala kutembelea jirani mpaka maradhi yapite. Wadogo wakatii. Nyati na Kifaru wakacheka. Wao walizoea kuvuka kwenda kilabuni kwa Fisi kunywa pombe ya mtama, na wakirudi humsalimu kila waliyemkuta, pua kwa pua. Walisema kikohozi ni cha wenye vifua vyembamba.

Pimbi aliyasikia hayo akiwa mlangoni pake mwambani. Ndani alikuwemo mama yake, mzee anayepumua kwa taabu hata siku njema, na njia ya kilabuni ilipita chini ya mwamba ule ule. Atawazuiaje, ikiwa hata Twiga walimdharau?

Asubuhi akaenda kwa Nyati, akasimama mbali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona husogei?"

"Nina neno tu. Kifaru ameitamani nyumba yako na tope lake. Anasema siku utakayotoka, yeye ataingia."

Nyati akapiga kwato chini, puh! Akaketi mlangoni. Pimbi akakimbia kwa Kifaru na maneno yale yale, akabadilisha jina tu. Kifaru naye akaketi. Walipoketi wakubwa, vijana waliowafuata kilabuni nao wakatulia, na njia ikaanza kuota majani.

Lakini Pimbi hakupata raha. Wawili wale wakikutana, uongo wake utafichuka. Na wakikutana, kikohozi nacho kitapata pa kupita. Kijiti kikivunjika tu, kwaa, yeye huruka. Hondohondo akawa anapita juu bila kutua, akitoa habari za ng'ambo: kule hakuna amri, kilabu kimejaa, na wanaokwenda kuzika wanarudi wakiugua. Siku moja akamwambia Pimbi kwamba mama yake mdogo, aliyekaa ng'ambo, amefariki na anazikwa kesho. Pimbi hakwenda kuzika. Alilia palepale mwambani, kimya, mama asisikie.

Haukupita muda, akamkuta Kifaru njiani, macho mekundu. Alisema amechoka kungoja. Anakwenda kwa Nyati wamalizane leo leo. Akainua kichwa, akakohoa. Kho.

Pimbi akarudi nyuma hatua tatu. Kumbe kikohozi kilikwisha vuka mto kabla Kifaru hajaketi mlangoni pake, kimo kifuani mwake.

"Nenda, mjomba," alisema. "Ndivyo anavyotaka. Amejificha kichakani, anangoja uiache nyumba."

Kifaru akaitazama njia, akaitazama nyumba. Kisha akageuka, akarudi ndani, na homa ikamwangusha siku ile ile. Pimbi akawa anamwekea uji mbali na kizingiti na kuondoka, hana hakika kama kesho atakuta bakuli tupu. Mara alikuta uji umeliwa nusu, mara bakuli tupu, mpaka Kifaru akasimama tena. Upande huu hakukohoa mwingine.

Twiga alipoiondoa amri, Nyati na Kifaru walikutana moja kwa moja, pembe chini. Kila mmoja akamshutumu mwenzake kwa kuitaka nyumba yake, na kila mmoja akashangaa. Wakageuza vichwa kuelekea mwambani.

Pimbi angeweza kujipenyeza katika ufa wa mwamba, lakini mama angebaki na nani? Akatoka, akaeleza yote.

"Umenifanya mjinga," alisema Nyati.

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

Nyati akamtazama Kifaru, mbavu zake zilizotokeza, shingo iliyolegea. "Siku ile ungekuja kwangu," alisema polepole, "tungeshikana pembe kwa pembe."

"Ningekuachia kikohozi," alijibu Kifaru. "Wewe na wanao."

Watoto wa Nyati walikuwa wakigaagaa topeni, wakisukumana. Nyati aliwaangalia. Hakumshukuru Pimbi, wala hakumgusa. Alikwenda zake kwa watoto.

Maradhi hayana miguu, wanangu. Hutembea kwa miguu yetu.