Digrii ya Sista Pimbi

Haya jamani, masikio yamekaa mkao wa kula?
— Yamekaa!
Nipakue?
— Pakua, tena usitubanie!

Zamani, wanyama walipokuwa na zahanati yao, Pimbi alikuwa nesi wa cheti. Mdogo, miguu mifupi, lakini kazi aliiweza. Mganga mfawidhi, mkubwa wa zahanati nzima, alikuwa Fisi. Na desturi ya pale, supu ya wagonjwa haigawiwi mpaka mfawidhi aionje.

Basi Fisi akaonja: gubu! Akaonja tena: gubu! Akaonja mpaka sufuria ikalia kwaru kwaru. Wagonjwa wakaambulia maji ya moto.

"Mheshimiwa," Pimbi akasema, "Bibi Kobe amekonda mpaka anacheza ndani ya gamba lake. Kazi ya kuonja nipe mimi."

"Una digrii?"

"Nina cheti."

"Mwenye cheti hubeba beseni. Mwenye digrii ndiye huonja."

Pimbi akaenda chuoni, tiki tiki tiki. Akasoma mwaka wa kwanza, akasoma wa pili, akasoma wa tatu, anakula mihogo mikavu, macho mekundu. Akarudi na shahada ya sayansi shirikishi za afya, ameichomeka ndani ya kipande cha mwanzi isikunjike.

Fisi akaisoma. Akaigeuza. Akainusa.

"Hongera, Sista! Sasa utabeba mabeseni mawili."

Roho ikamuuma Pimbi. Miaka mitatu yote ile! Lakini hakulia. Akarudisha shahada kwenye mwanzi wake, akaenda jikoni, akachagua mfupa mmoja wa goti, akautumbukiza kwenye supu.

Fisi akaonja: gubu! Akaonja tena: gubu! Kho! Kho! Mfupa umemkaba kooni, mate yanamchuruzika.

"Ni-to-le-e!"

"Mimi tena, mheshimiwa? Mbeba mabeseni? Niandikie kwanza barua kwamba mwonjaji ni Pimbi."

Fisi akaandika. Akagonga muhuri: twa!

Sasa mkono uingie kinywani mwa Fisi! Pimbi akayatazama meno yale, akaogopa kwelikweli. Akauchukua ule mwanzi na shahada yake ndani, akausimamisha katikati ya taya. Akaingiza mkono. Akavuta. Chopo! Mfupa huo nje. Hapo taya zikafunga, kacha! Mwanzi ukasagika pamoja na shahada.

Pimbi akauangalia mkono wake. Vidole vyote vipo. Akashusha pumzi ndefu.

Mchana ule alionja kijiko kimoja tu, kisha akapakua. Bibi Kobe akanywa bakuli la kwanza, akanywa la pili, gamba likaanza kumkaa.

"Sista," akauliza, "hivi digrii imekusaidia?"

"Sana, bibi. Bila hiyo ningekuwa na mkono mmoja."

Basi watoto, funzo ni hili: waheshimuni wakubwa wenu, msiwatie mifupa kwenye supu. Na digrii someni, ila tafuteni mwanzi mnene.

Sufuria yangu imekwisha, ukoko mkwangue wenyewe!
— Tumeshiba!