Kikapu cha Bi Nakijwa

Pole haitui mzigo. Ndivyo nilivyowajibu niliporudi kutoka kwenye kikao mkaniambia, “Pole, mama,” huku mmekaa. Sasa mnataka kujua msemo huu umetoka wapi. Sogezeni hayo mahindi tupukuchue, maana mdomo ukifanya kazi mikono haina sababu ya kulala. Ulianzia huku kwetu milimani, na ulianza hivi.

Zamani, kabla simu hazijafika, kulikuwa na nyumba moja ng’ambo hii ya mto iliyoitwa Nyumba ya Kungojea. Wanawake wajawazito wa vijiji vya juu walikuja kukaa hapo siku zao zikikaribia, kwa sababu hospitali ilikuwa ng’ambo ya pili, na mtu hawezi kushuka mlima mzima akiwa na uchungu. Nyumba hiyo wananchi waliijenga wenyewe kwa msaragambo, kila ukoo ukaleta mawe na miti yake. Walipomaliza wakachagua wadhamini wanne wa kuisimamia. Hakuna aliyelipwa. Wadhamini walipeana zamu: mwenye zamu hushinda pale, huwaangalia akina mama, na mmoja akishikwa na uchungu, hufungua stoo, hutoa machela na kutafuta watu wa kumbeba hadi hospitali.

Mwenyekiti alikuwa Bi Nakijwa, mjane, mtu wa maneno machache. Wenzake walikuwa Mwalimu Mgonja, Mzee Senkondo na Bi Eliaichi. Walikuwa watu wazuri. Nasema hivyo mapema, msije mkadhani nawasimulia habari za watu wabaya. Watu wabaya wangefukuzwa, mambo yakaisha.

Kulikuwa na desturi moja. Mdhamini akipata udhuru, zamu yake inakwenda kwa mwenyekiti. Basi Mwalimu Mgonja akawa na mitihani ya kusahihisha. Mzee Senkondo akawa na mgongo. Bi Eliaichi akawa na wageni, na wageni wake hawakuwahi kuondoka. Kila mmoja alituma udhuru wake kwa adabu, na kila udhuru ulikuwa wa kweli. Bi Nakijwa akashika zamu zote. Alikuwa na kikapu kikubwa ambamo alibeba ufunguo wa stoo, sabuni, na mashuka ya Nyumba aliyoyafua kwake, kwa sababu siku ya kufua pia watu walikuwa na udhuru. Asubuhi kikapu kichwani kushuka, jioni kikapu kichwani kupanda.

Katika kila mkutano alisema, “Wenzangu, nimechoka.”

Nao walimjibu kwa moyo mweupe, “Pole sana, Bi mwenyekiti. Pole kwa kazi.” Wakampigia makofi. Mwaka mmoja walimvika kitenge, na mwaka uliofuata wakamwimbia. Kisha wakamchagua tena.

Sasa sikilizeni. Siku moja Bi Nakijwa aliamka na homa kali, miguu ikamkataa. Habari zikaenea kijijini. Mwalimu Mgonja akaja kumwona, amebeba mkungu wa ndizi. Mzee Senkondo akaja na sukari. Bi Eliaichi akaleta chungu cha uji. Kikapu kilikuwa mlangoni, kimejaa mashuka, na ufunguo juu yake. Mwalimu alikisogeza kwa mguu ili apate pa kuweka ndizi.

Wakakaa kukizunguka kitanda.

“Pole sana, Bi mwenyekiti.”

“Nimeshapoa.”

“Umejichosha mno,” Bi Eliaichi alisema. “Sisi tulikuwa tunasema kila siku, huyu mama atajichosha.”

“Mlikuwa mnamwambia nani?” Bi Nakijwa aliuliza.

Mzee Senkondo akakohoa, akasema homa hizi za siku hizi ni mbaya, akaanza kueleza mgongo wake. Hapo ndipo Bi Nakijwa alipofumbua macho vizuri akawatazama mmoja mmoja.

“Nani yuko Nyumbani?”

Mwalimu alimtazama Mzee. Mzee alimtazama Bi Eliaichi. Bi Eliaichi aliutazama uji.

Mara mlango ukasukumwa. Aliingia binti mmoja aitwaye Navoneiwa, aliyekuwa akingojea kujifungua pale Nyumbani, tumbo mbele, jasho linamtiririka, kapanda mlima wote ule.

“Mama, Zaituni ameshikwa na uchungu tangu asubuhi na damu inatoka. Stoo imefungwa. Nimekwenda kwa Mwalimu, hayupo. Nikaenda kwa Mzee Senkondo, hayupo. Kwa Bi Eliaichi wakaniambia wote mmekuja huku.”

“Tumekuja kutoa pole,” Mwalimu alisema.

“Na wewe pole, mwanangu,” Bi Eliaichi alimwambia binti. “Kaa kwanza upumue.”

Bi Nakijwa alishuka kitandani, akajifunga khanga kiunoni, akakiinua kikapu akakitia kichwani, akatoka. Wale watatu wakainuka haraka wakamfuata, na Navoneiwa nyuma yao. Njia nzima ya kushuka ilikuwa, “Pole pole, Bi mwenyekiti! Angalia jiwe! Pole jamani! Mama huyu ana moyo!” Mtu na homa yake mbele na kikapu kichwani, na nyuma watu wazima watatu mikono mitupu wakimwonea huruma.

Walipofika kwenye mteremko mkali, homa ilimzidi Bi Nakijwa. Akakitua kikapu katikati ya njia, akakaa juu ya jiwe.

“Pole,” Mwalimu alisema, na huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa.

“Mwalimu, pole haitui mzigo. Kichwani kwako kuna nini?”

“Kuna… kofia.”

“Ivue.”

Mwalimu akatazama huku na huku. Huku kwetu enzi zile mwanamume kubeba kikapu kichwani ilikuwa kichekesho cha msimu mzima. Lakini kutoka chini, kupitia migomba, walisikia sauti ya Zaituni. Hakuwa analia tena kwa nguvu, na hilo ndilo lililowatisha. Mwalimu akavua kofia, akampa Navoneiwa, akajitwika kikapu. Bi Eliaichi akatwaa ufunguo akakimbia mbele, na sikuwahi kuambiwa wageni wake walikula nini siku ile.

Walimwacha Bi Nakijwa apumzike pale kwenye jiwe, wakamkuta Zaituni sakafuni, midomo imekauka. Wakamlaza kwenye machela. Watu wengine wote walikuwa mashambani, kwa hiyo wakambeba wao wenyewe: Mwalimu na Mzee Senkondo mbele, Bi Eliaichi na Navoneiwa nyuma, mjamzito akimbeba mjamzito. Wakavuka mto hivyo. Mgongo wa Mzee Senkondo haukutajwa.

Mkunga aliwapokea, akashangaa. “Leo mko wengi. Siku zote huja Bi Nakijwa na wapita njia aliowaokota.”

Mtoto alichelewa kulia, halafu akalia. Zaituni alipoteza damu nyingi, akakaa hospitali hadi mahindi yakabeba. Akarudi kwake akiwa hai, ila hakuzaa tena.

Mnadhani baada ya hapo mambo yalibadilika mara moja? Wapi! Mkutano uliofuata wadhamini walikuja na kitenge kipya. Mzee Senkondo akasimama akasema, “Kwa yote aliyoyapitia mama yetu, kwanza tumpe pole, pili tumwombe aendelee.”

Makofi.

Bi Nakijwa akaweka kikapu mezani. Hakukasirika. Alikuwa amechoka hata hasira hana.

“Niliposema nimechoka, sikuwa naomba pole. Nilikuwa nauliza nani anapokea. Nauliza tena.”

Akangoja kidogo, akakiacha kikapu pale, akarudi kwake, akafunga mlango, akalala. Waliokwenda kumpa pole walirudishwa na kitasa.

Mkutanoni watu walikitazama kile kikapu kama nyoka. Mwishowe Bi Eliaichi akasonya, “Haya, kileteni huku, tusikae hapa mpaka kesho.” Akaondoka nacho akinung’unika njia nzima. Mavuno yalipokwisha alikwenda kukitua mlangoni kwa Mwalimu Mgonja, bila salamu. Mwalimu naye, msimu wake ulipokwisha, akakipeleka kwa Mzee Senkondo. Hakuna aliyekibeba kwa furaha. Lakini kilibebwa, na mlango wa stoo haukukosa mtu wa kuufungua.

Tangu hapo huku kwetu ukikutana na mtu ana mzigo, unasema pole huku mikono imeshanyoshwa. Ukisema pole tu ukapita, hata mtoto atakuuliza, “Kichwani kwako kuna nini?”

Basi. Mahindi yamekwisha na mimi kesho nina kikao kingine, wenzangu wawili wameshatuma udhuru. Msiniambie pole. Vyombo viko karoni tangu mchana, ndoo ya maji iko nje. Nani anapokea?

Naona mnatazamana. Pole haitui mzigo.